Nani Aliyempa Subira Pumzi

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, ni zile zamani za juzijuzi ambapo gari la dizeli lilikuwa haliwashwi mpaka taa ya hita izimike, palikuwa na kijiji kikiitwa Mughamo, huko Singida. Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, maana hadithi hii ni ya kifua na pumzi, na mimi nikishaanza sipendi kukatizwa.

Mughamo ilikuwa na vitu viwili tele, alizeti na vumbi. Alizeti mtakuja kuisikia. Vumbi nawaambia sasa. Lilikuwa jekundu, laini kuliko unga wa muhogo, na halikuwa na adabu hata kidogo. Liliingia kwenye chai iliyofunikwa. Liliingia kwenye saa ya mkononi. Liliingia kwenye sanduku la nguo lililofungwa kwa kufuli. Sasa kama linaingia kwenye saa, mnadhani injini litaiacha?

Na gari lilikuwa moja tu, gari la zahanati, la dizeli, kuukuu, limepakwa rangi mara tatu kwa brashi. Ukigeuza ufunguo ilikubidi ungoje taa ya hita, ile inayoonyesha injini inapashwa moto, izimike ndipo uwashe, kwa hiyo watu walilipa jina la Subira, wakalisema kama mtu. "Subira kaondoka." "Subira karudi, na mgonjwa ni mzima." Kutoka Mughamo hadi hospitali kubwa ni kilomita sitini na mbili. Mwanamke aliyeshindwa kujifungua pale zahanati alikuwa na njia moja tu ya kuishi, nayo ilikuwa Subira.

Dereva wake aliitwa Ntandu. Mtu mrefu, mkimya, hana mke wala mtoto, na kwa miaka kumi na tisa hakumwachia mwingine usukani. Mimi Ntandu nilimpenda, sifichi. Kila jioni kabla jua halijazama alifungua boneti, akafungua kopo la chujio la hewa, akalitoa chujio la karatasi na kuligonga polepole kwenye goti lake. Tap, tap, tap. Vumbi likamwagika. Kisha akaliinua kwenye mwanga na kulizungusha, akitafuta tundu. Goti lake la kulia lilikuwa jekundu siku zote, hata siku ya Idi akiwa na suruali mpya.

Na chujio hilo lilikuwa orijino, lenye nembo ya waliolitengeneza gari lenyewe. Likichakaa aliagiza orijino. Orijino ikichelewa mwezi, alingoja mwezi, huku akiligonga lile la zamani asubuhi na jioni. Ukimletea la kampuni nyingine alikurudishia boksi bila kulifungua. Alisema, "Gari hili lilizaliwa na chujio la karatasi la kwao. Mimi simbadilishii mtu mapafu."

Huyo ni wa kwanza. Mkumbukeni.

Wa pili ni Fundi Kiula, mtu wa kuja, mwenye gereji pale njia panda. Mfupi, mwenye maneno mengi, lakini mikono yake ilikuwa na akili kuliko vichwa vya watu wengi ninaowajua, na wengine wamekaa hapa. Kiula hakuwa mtu wa orijino. Yeye alipenda chujio la pamba, lile linalotengenezwa na watu wengine kabisa, pamba imebanwa katikati ya nyavu mbili za waya, unalifua kwa maji na sabuni, linakauka, linarudi kazini.

"Kaka Ntandu," alikuwa akimwambia, "hao waliochora chujio lako walilichorea nchi za lami. Vumbi la Mughamo hawajaliona hata kwenye picha. Chukua hili la pamba. Karatasi ikilowa siku moja, utalia."

"Gari hili lilizaliwa na chujio la karatasi," alijibu Ntandu.

"Na wewe ulizaliwa bila viatu. Mbona umevaa?"

Watu walicheka. Ntandu hakucheka. Walibishana hivyo miaka minne, asubuhi na jioni, na hakuna siku waliyokunywa chai bila kungojana.

Sasa sikilizeni alichofanya Kiula. Ijumaa moja Ntandu alikwenda kuswali, akaliacha gari pale gereji kubadilishwa tairi. Kiula alifungua kopo la chujio, akapima kwa uzi mzingo wake na kina chake, akafunga. Akaagiza chujio la pamba. Lilipofika lilikuwa kubwa kidogo, akakaa siku tatu akilipunguza mpira wake kwa wembe, kidogo kidogo, mpaka likaenea kwa ule uzi. Akalitia kwenye mfuko wa kaki, akalisukuma chini ya kiti cha abiria, na juu yake akaweka kipande cha karatasi: *La dharura. Paka mafuta kabla ya kulifunga.*

Hakumwomba mtu ruhusa wala hakudai shukrani. Ntandu alilikuta kesho yake. Hakulitupa, hakulifunga, na wala hakulitaja. Alilirudisha palepale, likakaa miezi saba kama mgeni aliyenyimwa chai.

Lakini fundi alimaanisha mafuta gani? Yapo mafuta maalumu ya machujio ya pamba, mekundu, mepesi, yenye kunata. Vumbi likipita yanalishika. Kichupa chake kilikuwa kwenye rafu pale gereji, na kwenye rafu ndiko kilikobaki. Alikisahau! Mtu aliyepima kwa uzi na kukata kwa wembe alisahau kichupa. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Wa tatu ni Bi Nyamwiru, mkamuaji wa alizeti. Mwanawe wa pekee alikuwa mbali kwenye machimbo ya dhahabu, na nyumbani alibaki yeye na mkwewe, Sikitu. Hawa walipendana kama mama na binti. Sikitu alikuwa ameshachukua mimba mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani mikono mitupu.

Pale Mughamo, mafuta ya kwanza ya msimu hayakaangiwi kitu. Yanatiwa kwenye kibuyu kidogo, yanangoja mtoto mchanga. Akizaliwa, bibi yake humpaka kwa kiganja mwili mzima, kila mkunjo, asiache mahali. Bi Nyamwiru alikwisha kubeba kibuyu hicho mara mbili hadi hospitali, na mara mbili alikirudisha kimejaa. Mara ya pili alikiweka uvunguni na hakusema na mtu siku nne.

Jambo jingine mnalotakiwa kulijua kuhusu watu wale ni hili. Mafuta ya taa wanayaita mafuta ya taa. Mafuta ya gari wanayaita mafuta ya gari. Lakini ukisema "mafuta," ukanyamaza, umesema alizeti.

Haya. Mimba ya tatu ilifika. Asubuhi moja uchungu ulimshika Sikitu, akapelekwa zahanati. Nesi Yunisi akampapasa tumbo, akapapasa tena, uso ukambadilika.

"Mtoto amelala kikingamo," alisema. "Hapa hatoki. Anatakiwa operesheni, na isipite adhuhuri."

Wakampandisha kwenye Subira, Nesi Yunisi upande mmoja na Bi Nyamwiru upande wa pili, kibuyu mapajani. Kabla mlango haujafungwa Sikitu aliukamata kwa mikono miwili, akasema mbele ya watu wote, "Atakayenifikisha mimi na huyu tukiwa hai, mtoto ataitwa jina lake. Mmenisikia? Jina lake."

Msidhani hicho ni kitu kidogo. Pale Mughamo, mtoto aliyepewa jina lako ni wajina wako, na wajina ni zaidi ya jina. Ukiugua, yeye ndiye anayekuletea uji. Ukifa, yeye ndiye anayetia mchanga wa kwanza kaburini, na anaendelea kuitwa pale ulipoachia wewe. Na jina la mtoto ni moja tu, halikatwi vipande.

Taa ya hita ikawaka, wakangoja, ikazimika. Subira akanguruma, wakaondoka.

Kilomita ya ishirini kuna korongo la mchanga. Siku zote ni kavu, watu wanachimba mchanga humo na malori yanaingia na kutoka. Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na huku chini, vumbi likipepea ukingoni, korongo lilikuwa linatiririka maji ya kahawia. Ntandu alishuka, akaingia kwa miguu, maji yakamfika pajani. Akarudi, akavuta pumzi, akaingiza gari.

Walifika katikati, wakapita katikati. Walipoanza kupanda ng'ambo gurudumu la mbele liliangukia shimo la wachimba mchanga, pua ya gari ikazama, maji yakaruka juu ya boneti. Na hapo Ntandu akasikia kitu. Nesi hakukisikia, Bi Nyamwiru hakukisikia. Ilikuwa pumzi ya Subira imebadilika kidogo, kama mtu anayetaka kupaliwa. Dereva mwingine angekanyaga mafuta atoke. Ntandu alizima injini papo hapo.

Wachimba mchanga wakaacha makoleo, wakajitosa, wakasukuma kumi na wawili hadi ukingoni. Ntandu akafungua kopo la chujio. Maji yalimwagika, na orijino yake, karatasi yake ya miaka yote, ilikuwa imekuwa uji mikononi mwake. Aliitazama. Nawaambia kweli, machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Nawaona mnaotaka kusema, si angeondoka bila chujio? Hata yeye alifikiri hivyo. Lakini mbele kulikuwa na kilomita arobaini na mbili, na malori ya mchanga yameongozana, na vumbi lao limesimama hewani. Injini ya umri ule ikilivuta vumbi hilo njia nzima huenda ingefika, huenda ingefia porini. Na hata ingefika, ingekuwa imejisaga ndani, na wajawazito wa Mughamo waliobaki wangepelekwa kwa baiskeli. Sikitu alipiga yowe. Ntandu akaingiza mkono chini ya kiti, akautoa mfuko wa kaki.

"Sista, hebu nisomee hapo," alisema, huku amevua shati na analikausha kopo kwa shati lake.

Nesi Yunisi akasoma, "La dharura. Paka mafuta kabla ya kulifunga." Akamgeukia Sikitu.

Bi Nyamwiru alisikia. Alilichukua chujio akalilaza mapajani. Alikitazama kibuyu. Mafuta ya mtoto, msimu wa tatu. Akakifungua. Akatia kiganjani kidogo, akasugua viganja, akaanza kulipaka lile chujio kama anavyopakwa mtoto mchanga, polepole, kila mkunjo, asiache mahali. Na midomo yake ilikuwa inatembea, bila sauti.

Ntandu alipogeuka, chujio linang'aa.

"Mama! Umefanya nini?"

"Karatasi imesema lipakwe mafuta. Nimelipaka."

"Imemaanisha mafuta ya gari, mama!"

"Haikuandikwa ya gari, mwanangu. Imeandikwa mafuta."

Ntandu akalipokea. Hakukuwa na jingine. Mtu yule aliyeapa kwa miaka kumi na tisa akalisukuma ndani ya Subira chujio lisilo la kwao, lililopakwa mafuta ya mtoto, na likaenea, taratibu, bila kubanwa. Akakaa kwenye usukani, akageuza ufunguo. Taa ya hita ikawaka. Wakangoja. Hebu na nyinyi ngojeni. Ikazimika.

Subira akawaka.

Kilomita arobaini na mbili ndani ya vumbi, taa zimewashwa mchana, Subira hakukohoa hata mara moja. Adhuhuri ilikuwa haijapita walipoingia getini. Na Sikitu akapata mtoto wa kike, mwenye sauti iliyofika hadi kwenye maegesho. Ntandu aliisikia akiwa ameegemea boneti, akakaa chini palepale.

Bi Nyamwiru aligeuza kibuyu kiganjani, yakatoka matone mawili. Akampaka mtoto kwenye utosi, basi.

Siku ya saba Mughamo nzima ilijaa uani kwa Bi Nyamwiru. Nesi Yunisi alikuja na kadi ya kliniki ya mtoto, imejazwa uzito, imejazwa tarehe, mahali pa jina pameachwa wazi. Subira alikuwa ameegeshwa pembeni, hajafunguliwa tangu siku ile, maana Ntandu aliogopa atakachokiona.

Fundi Kiula akafungua. Chujio la pamba lilikuwa jekundu upande wa nje, vumbi limejaa kama mkate uliopakwa siagi. Kiula akamwomba nesi kipande cha bandeji nyeupe, akakizungusha kwenye kidole, akakiingiza kwenye bomba lililo nyuma ya chujio, linalokwenda kwenye injini. Hapo uongo haupiti. Kama vumbi limevuka, kitambaa kitatoka chekundu. Akakitoa, na kilikuwa cheupe.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mtu akapaza sauti, "Mtoto aitwe Subira, tumalize!"

Sikitu akatikisa kichwa. "Subira hakunisikia nilipoahidi. Nilimwahidi mtu."

Basi wakaanza kusema.

Wachimba mchanga waliokuja kumwona mtoto walisema, "Ni Ntandu. Sisi tulikuwepo. Angechelewa kuzima kwa muda wa kupiga chafya, injini ingekunywa maji ikavunjika." Na Ntandu, ambaye hasemi, siku ile alisema. "Sijidai mimi. Naisemea karatasi. Ilipolowa ilivimba ikafumba mdomo, maji hayakupita. Ingekuwa pamba siku ile, maji yangevuka hadi kwenye pistoni. Orijino ilikufa ili injini isife. Na injini iliyowaka baada ya maji yale ni injini niliyoilinda kwa miaka kumi na tisa, jioni kwa jioni, kwa goti hili."

Watu wakalitazama goti lake. Lilikuwa jekundu. Mimi hapo nilikuwa tayari nimeshampa jina.

Lakini Kiula akainuka. "Kaka, hilo la maji ni kweli, nakubali mbele ya watu. Lakini karatasi ilipokufa ulibaki na nini? Kilomita ishirini ni zako. Arobaini na mbili ni zangu. Ulinikatalia miaka minne, na bado nililipima kwa uzi, nikalikata kwa wembe siku tatu kwa ajili ya siku ambayo haijafika. Nani kati yenu aliiona siku hiyo isipokuwa mimi?"

"Na kichupa?" mtu akauliza.

Kiula akainamisha kichwa. "Kichupa nilikisahau," alisema. "Na niseme ukweli wote. Pamba ile kavu isingeshika vumbi lile. Ingelipitisha kama chekeche linavyopitisha unga. Na mafuta yangemwagwa tu, kama wanaume tunavyomwaga, chujio lingeziba na gari lisingepumua. Yalitakiwa yapakwe mepesi, kila mkunjo, kama alivyopaka yeye."

Wote wakamgeukia Bi Nyamwiru. Yeye alikuwa amemshika mjukuu, hana habari na ubishi.

"Mimi nilikosea," alisema. "Karatasi ilisema mafuta, nikadhani ni mafuta. Nisiitwe shujaa kwa kutojua."

"Ulijua ni ya mtoto, mama," alisema Sikitu. "Mara mbili uliyarudisha yamejaa. Mara ya tatu uliyatoa kabla hujajua kama mtoto atakuwepo wa kupakwa."

Bibi yule alimfunika mtoto vizuri.

Ntandu hana mtoto, na jina lake likikosa mtu litaishia kwake. Kiula ni mgeni pale, hana hata kaburi moja la ukoo wake Mughamo. Bi Nyamwiru ni mzee, na uji wa kuletewa hauko mbali. Wala msiniambie mtoto wa kike hawezi kuitwa Ntandu au Kiula. Mughamo wasichana wana majina ya babu zao na hakuna anayecheka. Wote watatu wanastahili, naapa, na katika maisha yangu sijaona watu watatu waliopendeza kama wale wamesimama pamoja, mmoja na goti jekundu, mmoja na bandeji nyeupe kidoleni, mmoja na kibuyu kitupu.

Nesi Yunisi akafungua kalamu. "Mama mtoto," alisema, "niandike nani?"

Hadithi nimeibeba hadi hapo, sasa ibebeni nyinyi. Aliyeilinda pumzi miaka kumi na tisa, akajua kuizima kwa wakati wake? Aliyeiandaa pumzi nyingine kabla haijahitajika, akasahau kichupa? Au aliyekosea neno moja, na kwa kosa hilo akatoa mafuta ya mjukuu ambaye hajamwona? Kadi iko wazi na mtoto ameamka. Je, nani alistahili jina?